Joto Husemwa Mlangoni

Kwanza niamkieni. Shikamoo ya mstaafu haina gharama, nami nimestaafu tangu Ijumaa iliyopita, pale Mama aliponipokonya boksi la vipima joto, akalipandisha juu ya kabati kwenye masufuria ya Idi, akasema, "Utafiti basi. Sasa katafiti vitabu vyako." Mimi Tatu nina miaka kumi na saba. Wengine hufanya kazi mpaka mgongo unapinda ndipo wanapumzishwa. Mimi nimepumzishwa na mitihani.

Sasa, wadogo zangu wa darasa la Kiswahili la Jumamosi, boksi hilo linakuja kwenu. Nimewaona mnavyopanda ngazi za jengo letu hapa Edmonton, Landani, mbio kama mbuzi waliokata kamba, nikaingiwa na huruma. Si kwenu, kwa majirani. Dokta Rehana atawapa mafunzo rasmi yenye picha ukutani. Mimi nawapa yale yasiyoingia kwenye picha.

La kwanza ni soksi.

Msicheke. Kila nyumba mtakayoingia mtavua viatu, na mtafiti ambaye kidole gumba kinachungulia nje hana heshima mbele ya mtu yeyote. Siku yangu ya kwanza kazini nilibisha kwa Bi Zuhura, ghorofa ya juu kabisa. Bi Zuhura mnamjua: mama wa Unguja, mjane, alifanya kazi ya kufua mashuka ya hospitali mpaka akastaafu kweli, si kustaafu kwangu huku, na anafuma vitambaa kwa sindano kama vile kuna mtu anamkimbiza. Nilikuwa nimekariri hotuba nzima kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Kabla sijaifungua, akatazama chini, akaniambia, "Mwanangu, dunia ndiyo inayoungua au soksi yako?"

Hotuba ikafa pale pale. Nunueni soksi.

Kusema kweli, nilipoambiwa "utafiti wa tabianchi" nilidhani nitapelekwa kwenye barafu nikapige picha na dubu weupe. Nikapelekwa jikoni kwa majirani. Dokta Rehana, anayefundisha chuo kikuu, alikuwa anatafuta vijana wanaoishi kwenye majengo yenye joto na wanaojua lugha za waliomo ndani. Yeye mwenyewe ni Mhindi ambaye wazee wake walitoka Mombasa, anakaa mtaa wa Kilburn, na Kiswahili chake alikirithi kwa bibi yake, kwa hiyo akizungumza ni kama kikongwe amefichwa ndani ya suruali ya jinzi. Alitueleza kwamba miji inazidi kupata joto, na nyumba nyingi za Landani zilijengwa kuzuia baridi isiingie. Joto likishaingia halijui pa kutokea. Mimi nilikuwa nasikiliza nusu. Nusu nyingine ilikuwa kwenye sambusa alizoleta. Nilijiandikisha kwa ajili ya sambusa, hilo sitawaficha. Mwenzangu Kelvin, ambaye mama yake ni muuguzi kutoka Nakuru, alijiandikisha kwa sababu anapenda vitu vinavyotoa mchoro kwenye kompyuta. Kila mtu na njaa yake.

Lakini kulikuwa na jambo lisilo na mzaha. Madirisha ya ghorofa za juu yalikuwa yanafunguka upana wa ngumi tu, yamefungwa hivyo kwa sababu za usalama. Jua la mchana linapiga upande ule mpaka jioni. Kiangazi cha kabla ya utafiti, Bi Zuhura alianguka jikoni, akaokotwa na jirani aliyekuja kuomba vitunguu. Alisema ni njaa. Hakuna aliyemuuliza zaidi, maana Bi Zuhura akishasema neno, limesemwa. Kampuni yenye jengo ilikuwa imemwahidi Dokta Rehana: wakazi wenyewe wakisema wanaumia na joto, itaweka vivuli nje ya madirisha na kuyabadilisha yafunguke vizuri. Wasiposema, jengo letu linarudi nyuma ya foleni, na mwisho wa foleni ile hakuna anayeujua.

Kwa hiyo kazi yetu ilikuwa rahisi: uliza, andika, peleka. Ndivyo nilivyodhani.

Nianze na vipima. Kipima ni kile kidude cheupe, ukubwa wa kipande cha sabuni. Kinatakiwa kukaa wazi, usawa wa bega, mbali na dirisha, mbali na jiko, mbali na televisheni. Nilivigawa, nikaeleza, wote wakaitikia, "Tumekuelewa, mwanetu." Baada ya wiki mbili Kelvin akaja na kompyuta yake, uso umemkauka.

"Tatu, hii nyumba ya Auntie Grace haina watu."

"Ina watu saba, we."

"Basi wote ni maiti. Angalia. Joto halipandi, halishuki."

Tukaenda. Auntie Grace, shangazi yake Kelvin mwenyewe, alikuwa amekifungia kipima kwenye kabati la vioo, pamoja na sahani za wageni na kikombe cha harusi. Kwa kufuli. "Si mlisema ni mali ya chuo kikuu?" akasema. "Sasa nikiache nje hawa watoto wakichezee ndio nishtakiwe?" Kwa Bi Zuhura tulikikuta mahali sahihi, usawa wa bega, lakini kimevaa. Alikuwa amekifumia kitambaa chake, cha waridi, chenye pindo, kimekaa vizuri kama kofia ya mtoto mchanga.

"Kilikuwa uchi," akatuambia.

Kelvin alitaka kucheka akakohoa. Mimi nilitaka kukohoa nikacheka. Tukakubaliana na Bi Zuhura kwamba kitambaa kitandikwe chini ya kipima, si juu. Fundisho: usiishie kueleza, rudi ukaangalie. Na usimfokee mtu aliyekosea kwa heshima. Yule aliyekifungia kabatini na yule aliyekivika nguo ndio waliokithamini kuliko sisi tuliokuwa tunavirushiana kwenye lifti.

Vilipovuliwa, vipima vikaanza kusema. Nyumba za juu zilikuwa zinapikwa. Usiku nje kunapoa, ndani hakupoi. Mchoro wa Kelvin ulipanda kama ngazi isiyo na kushuka.

Halafu yakaja mahojiano, na hapo ndipo mstaafu wenu alipoboronga.

Mimi naongea sana. Walimu wangu wameliandika hilo kwa lugha mbalimbali. Nilidhani mtafiti mzuri ni yule mwenye kasi, basi nikawa naingia na kutoka kama mpeleka pizza. "Shikamoo. Nyumba inakuwaje siku za joto?" "Njema." "Mnalala vizuri?" "Tunamshukuru Mungu." "Kuna shida yoyote?" "Shida zipo kila mahali, mwanangu, sisi hatujambo." Naandika: hakuna shida. Nakunywa chai, naaga, nabisha mlango wa pili. Nilimaliza jengo zima kabla Kelvin hajamaliza ghorofa yake moja.

"Manze, umemaliza?" akaniuliza.

"Wewe endelea kukaa huko unahesabu biskuti."

Nilijisifu wiki nzima. Majibu yakapelekwa kwa kampuni, kama ilivyokuwa imeomba. Dokta Rehana alikuwa safarini. Aliporudi akayasoma, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Tatu," akasema, "vipima vyalia na wenyewe wacheka. Nani mwongo?"

Nikaomba karatasi zangu nizisome upya.

Fikirini kidogo, maana nyie mmezaliwa hapa mkadhani salamu ni salamu tu. Kwetu ukimuuliza mtu habari, jibu la kwanza ni njema. Nyumba inaungua, njema. Mguu umekatika, njema, ila mguu. Habari yenyewe imekaa nyuma ya "ila," na mimi nilikuwa naondoka kabla "ila" haijavaa viatu. Ongezeni na fahari. Mjomba wangu wa Tanga nilipomwambia kwenye simu kwamba napima joto la Landani, alicheka mpaka simu ikakatika, akapiga tena ili amalizie kucheka. Mtu wa pwani atalalamikaje joto la Wazungu? Atachekwa mpaka kaburini. Basi wote walikuwa wanavumilia kimya, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake aliyesahau kuzaliwa kwenye joto.

Nilipanda tena kwa Bi Zuhura. Nikamuuliza upya, taratibu. Njema. Nikamuuliza kuhusu kuanguka kwake. Njaa. Nikazima kinasa sauti, nikashukuru, nikasimama. Naye akasimama, akajitupia mtandio kichwani, kunisindikiza. Mnajua mgeni haachwi atoke peke yake kama paka. Tukafika kwenye lifti. Lifti yetu mnaijua, inakuja ikipenda. Mimi nilikuwa nimeishiwa maneno, kwa hiyo kwa mara ya kwanza maishani nilinyamaza tu.

"Ila," akasema Bi Zuhura.

Lifti haijafika.

"Ila usiku ule wa joto nilikaa bafuni, miguu ndani ya maji, mpaka asubuhi. Mara nyingi tu nafanya hivyo. Na siku niliyoanguka haikuwa njaa. Nilikuwa nimekula pilau."

"Bi Zuhura, mbona hukusema?"

"Nikisema, Salim atasikia."

Salim ni mwanawe, yuko Birmingham. Alikuwa amemwambia kiangazi kingine kikiwa kama kile, anakuja na gari kumhamisha, akae naye. Mtoto mwema, hana ubaya. Lakini Birmingham Bi Zuhura hana anayemjua zaidi ya wajukuu ambao wakimjibu, wanamjibu kwa Kiingereza. Hapa jengo zima linapita kwake: vitunguu, watoto wa kuachiwa, habari za misiba. Alikuwa anaficha joto ili asipoteze nyumba, na mimi kwa kasi yangu nilikuwa nimemsaidia kulificha.

"Naweza kuliandika hilo?" nikamuuliza.

Akafikiri. Lifti ikaja, ikaondoka.

"Liandike," akasema. "Ila usiniandike mimi."

Hapo ndipo nilipoanza kazi. Yote ya nyuma yalikuwa mazoezi ya kunywa chai.

Dokta Rehana nilipomsimulia alicheka akajipiga paja. "Bibi yangu, mgeni akiaga, ndipo mazungumzo huanza! Twasimama mlangoni mpaka chai yapoa, yarudiwa kupashwa." Akatutuma turudi kila nyumba. Sikilizeni namna, maana hii ndiyo mali yangu yote ninayowarithisha. Maliza maswali yako. Zima kinasa sauti, na aone umekizima. Simama, aga. Vaa viatu polepole, funga kamba hata kama hazijafunguka. Ukifika mlangoni, nyamaza. Kunyamaza hasa, si kule kunyamaza kwa kutafuna ulimi. Akisema jambo, usilibebe kama mwizi. Muulize kama unaweza kuliandika, na akikataa, liache pale pale mlangoni. Ya Bi Zuhura nawasimulia kwa jina kwa sababu baadaye aliniruhusu. Wapo waliokataa. Yao ninayo mpaka leo na hamtayapata.

Tukasikia mengi. Auntie Grace alikuwa analaza watoto kwenye sakafu ya korido. Dereva mmoja wa basi, anayefanya kazi za usiku, alikuwa halali mchana, anashika usukani na usingizi. Kelvin, ambaye siku zote alikuwa anakaa kimya akihesabu biskuti, akawa bingwa wa mlangoni. Alinitazama tu. Hiyo ndiyo ilikuwa dharau yenyewe.

Lakini majibu ya kwanza yalikuwa yamekwishafika kwa kampuni. Tukatuma mapya, wakajibu kwamba mwakilishi wao atakuja ukumbi wa chini kuzungumza na wakazi. Akaja, bwana mmoja mpole mwenye tai, siku ya jua kali. Macho mekundu, pua inatiririka, chavua ya majani imemkamata. Nilimpokea mlangoni kwa Kiingereza.

"Hujambo, bwana?"

"Sijambo kabisa, asante," akasema, akapiga chafya tatu.

Ukumbi ulijaa. Akasimama, akasoma majibu yangu ya kwanza, yale ya mpeleka pizza; mapya hakuyataja. Kwamba wengi wamesema nyumba ni njema. Akauliza kwa heshima kama kuna asiyekubaliana. Na majirani zangu, watu niliowasikia kwa masikio haya wakieleza usiku wao, wakatazama viatu vyao. Auntie Grace akasema, "Tunashukuru sana kwa kuja." Bi Zuhura alikuwa mstari wa mbele, anafuma. Nilihisi madirisha yale yakijifunga.

Nikanyoosha mkono.

"Bwana, nilipokuuliza hali ulisema hujambo kabisa."

"Ndiyo."

"Na hayo macho?"

Watu wakaguna. Yeye akacheka, akatoa kitambaa. "Ah, hii chavua inaniua. Sijalala wiki nzima."

"Basi na sisi," nikasema, "hatujambo hivyo hivyo."

Ukumbi ukacheka, lakini bado hakuna aliyefungua mdomo. Nikaanza kuvuta pumzi niendelee, maana mimi ni mimi. Dokta Rehana akanikanyaga mguu. Akasimama akatangaza kwa Kiingereza safi kwamba mkutano umefungwa, asanteni, kwaherini.

Nilidhani amerukwa na akili. Kisha nikaona watu wanasimama. Bwana wa kampuni akakusanya karatasi zake, akaelekea mlangoni. Na nani atamwacha mgeni atoke peke yake? Wakamsindikiza wote. Pale mlangoni, kwenye ule upana wa watu wawili, Auntie Grace akaanza, "Ila, bwana..." Dereva wa basi akamdakia. Mama mwingine akamshika mkono. Yule bwana alikwama kizingitini muda mrefu kuliko mkutano wenyewe, ameegemea fremu, anaandika nyuma ya karatasi zilezile alizosoma. Mimi na Kelvin tukawa wakalimani, jasho linatutoka.

Mwisho Bi Zuhura akapenya, kitambaa mkononi.

"Mwambieni hawezi kuondoka bila chai."

"Amesema ana miadi," Kelvin akasema.

"Sikuuliza miadi."

Tukapanda naye. Akavua viatu, na soksi zake, niwaambie, zilikuwa nzima. Akakaa kwenye lile sofa linalotazamana na dirisha. Bi Zuhura akamletea chai ya maziwa yenye tangawizi, inayotoa moshi, na kaimati juu yake. Hakulalamika kitu. Akamuuliza habari za mama yake. Bwana akajibu, akavua koti. Akanywa. Akalegeza tai. Akapangusa paji la uso, safari hii si chavua. Bi Zuhura akamuongeza chai. Kipima kilikuwa kwenye rafu ya ukutani, juu ya kitambaa chake cha waridi, kinaandika kimya kimya.

"Samahani," mwishowe yule bwana akasema, akionyesha dirisha, "naomba tufungue kidogo?"

Nikamtafsiria. Bi Zuhura akaweka birika chini.

"Mwambie liko wazi."

Nikamwambia. Akalitazama lile dirisha. Akainuka, akaweka ngumi yake kwenye ule uwazi, ikaenea sawasawa. Akabaki hivyo. Na mimi, ambaye nilikuwa na utani kama sita umejipanga kooni, sikusema hata mmoja. Kelvin aliniambia baadaye kwamba hicho ndicho kitendo kikubwa cha kisayansi nilichowahi kufanya.

Haikuwa kesho yake. Msidanganyike, mtasubiri sana katika kazi hii. Ulipita msimu wa baridi, zikaja barua, zikaja barua za kueleza barua. Mimi nilikuwa nikisikia utabiri wa hali ya hewa unataja jua, naangalia njia kama kuna gari la Salim. Lakini mafundi walikuja. Wakaweka vivuli nje, wakabadilisha madirisha yakafunguka mapana, yenye vyuma vya kinga. Salim alikuja kiangazi hiki kumjulia hali mama yake, akalala kwenye sofa siku ya jua, akakoroma. Asubuhi akarudi Birmingham na gari tupu, isipokuwa vitambaa.

Wiki niliyopokonywa boksi nilipanda kuchukua kipima cha Bi Zuhura ili nikukabidhini. Nje kulikuwa kunachoma. Ndani pazia lilikuwa linacheza. Nilikunywa chai, nikamuuliza nyumba inakuwaje.

"Njema."

Nikaandika njema. Nikasimama, nikavaa viatu polepole, nikafunga kamba ambazo hazikufunguka. Akanisindikiza mpaka kwenye lifti, mtandio kichwani. Nikanyamaza. Lifti ikaja, nikaiacha. Ikaja tena.

"We Tatu, una nini? Mbona huingii?"

"Nangoja, Bi Zuhura."

"Wangoja nini?"

"Ila."

Akafikiri. Alifikiri kwa dhati, akaangalia dari, akaangalia mlango wake, kama mtu anayejipapasa mifukoni.

"Sina," akasema. "Nenda zako, mwanangu, nimeacha chungu motoni."

Akageuka, akaingia ndani kabla lifti haijafunga milango. Maisha yangu yote hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kuniacha nisimame peke yangu namna ile, na sijawahi kufurahi hivyo kwa kukosewa adabu.